Kuhamia Linux na Second Life yako: hesabu ya Dar haiishii kwenye kompyuta

Mpwa wangu anasoma usanifu majengo, na kwa mwaka mzima sasa anajenga nyumba ya kale ya Kiswahili ndani ya Second Life, dunia ya mtandaoni ambamo watu hutembea, hujenga na kuuziana vitu: baraza mbele, daka, mlango wa kuchonga, ua katikati. Laptopu yake tuliinunua Kariakoo, mtumba wa ng'ambo, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8. Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kijana akaniuliza, "Mjomba, ndiyo imekufa hii?"

Haijakufa. Ila majibu mawili yanayozunguka mjini hayanitoshi. Moja ni la vijana wanaoipenda Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows: futa Windows, weka Mint, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, maisha yaendelee. La pili ni la mafundi wengi: Linux ni ya seva, michezo haiwezi. Nimeihamisha Second Life ya kijana kwa mikono yangu, na naona kila upande unaongelea nusu ya jambo.

Second Life ilizinduliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Jambo kubwa kwa anayehama lilitokea Januari 2007, kampuni ilipoweka wazi msimbo wa programu ya kuingilia kwenye dunia hiyo. Seva zilibaki zao, lakini mlango wa kuingilia ukawa huria, na yeyote mwenye ujuzi akaweza kuunda wake. Firestorm, programu ya kuingilia ambayo wakaazi wengi wa Second Life wanaitumia, ilitoka humo, na watu wa kujitolea wanaoitengeneza hutoa toleo la Linux kabisa. Hakuna kuigiza Windows wala ujanja. Unapakua faili, unalifungua, unaendesha hati ya usakinishaji, unaingia kwa jina lako lilelile. Mali zako, marafiki zako na Linden dola zako, yaani sarafu ya humo, ziko kwenye seva, hazikuwahi kukaa kwenye laptopu. Kwa hiyo hofu ya kupoteza nyumba iliyojengwa mwaka mzima haina msingi. Kumbukumbu za maongezi ndizo zinazokaa kwenye diski yako, hizo uzinakili kabla ya kuhama.

Sasa usichukue mfano huu ukaupeleka kwa mdogo wako anayecheza Roblox, mchezo mwingine wa mtandaoni. Roblox haina toleo rasmi la Linux, na njia za pembeni zilizopo zinaweza kufungwa siku yoyote kampuni ikiamua. Mchezo wa kupigana risasi wa Valorant hauingii kabisa, kwa sababu kinga yake dhidi ya wadanganyifu inakaa ndani sana ya Windows. Ni kweli kwamba Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux iliyoanza mwaka 1993, na Proton, ya aina hiyohiyo, ambayo kampuni ya michezo ya Valve waliileta mwaka 2018, zimefungua michezo mingi mno ya Windows kwenye Linux. Lakini dunia ya mtandaoni ina mwenyewe, na mwenyewe akikataa wageni wa Linux, huna pa kukata rufaa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama Linux inaweza, uliza aliyeushika mlango wa dunia unayoitaka ni nani.

Twende kwenye laptopu yenyewe. Tulianza kwa flashi: Linux Mint inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nawe ukajaribu skrini, sauti na Wi-Fi. Wi-Fi ikagoma, maana chipu yake ilihitaji draiva, programu ndogo ya kuiendesha, ambayo haikuwemo. Tuliunganisha simu kwa waya wa USB, tukatumia bando la simu, draiva ikashuka, mambo yakaenda. Mtu asiyejua hilo angezima mashine hapohapo na kusema Linux mbovu, na nisingemlaumu. Chipu ya picha ya Intel iliyomo ndani ya prosesa haikuhitaji chochote, kwa kuwa draiva zake huja na mfumo. Mwenye laptopu yenye chipu mbili za picha, Intel na Nvidia, ajiandae kwa kazi zaidi: aweke draiva ya Nvidia na kuhakikisha mchezo unaitumia, la sivyo atakuwa anacheza kwa chipu dhaifu huku ile yenye nguvu imelala.

Kisha likaja la kibodi, na hili ndilo lililokaribia kumkatisha tamaa kijana. Ndani ya Second Life unashika Alt, unabonyeza kipanya na kuvuta ili kamera izunguke kitu. Mjenzi hawezi kufanya kazi bila hiyo. Kwenye Mint, Alt pamoja na kipanya ni amri ya kuhamisha dirisha, kwa hiyo kila akitaka kuuzunguka mlango wake wa kuchonga, dirisha zima linateleza kwenda pembeni. Dawa yake ni ya nusu dakika: nenda kwenye mipangilio ya madirisha, badilisha kitufe hicho kiwe kile chenye alama ya Windows. Alihangaika siku mbili kabla hajaniambia.

Sauti ndiyo sehemu ninayowapa haki wapinzani. Kwa miaka kadhaa maongezi ya sauti kwenye Firestorm ya Linux yalitegemea kipande cha Windows kinachoendeshwa kwa Wine, na kilikuwa kinaamka kikitaka. Linden Lab wanahamia WebRTC, teknolojia ileile ya simu za kwenye vivinjari, na mambo yanakuwa mepesi zaidi. Hata hivyo, kama unaendesha darasa au unauza nguo za avata, yaani mwili wa mchezaji humo ndani, kwa kuongea na wateja, jaribu sauti kwanza kwenye laptopu yako mwenyewe kabla hujafuta chochote.

Wapenda Linux husema pia kwamba mchezo utakimbia zaidi. Kwenye laptopu yetu fremu, yaani idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde, ziliongezeka kidogo tu. Faida iliyoonekana ni RAM: Windows ilikuwa inamaliza karibu GB 3 kabla hatujafungua kitu, Mint ikatumia kama nusu yake. Kwenye mashine ya GB 8 hiyo ni nafasi ya kweli, kwa sababu sasa kijana anafungua Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D, na Firestorm kwa pamoja.

Lakini kuna gharama isiyojali una mfumo gani. Second Life haiji na dunia yake ndani ya faili ulilopakua. Kila ukuta, kila kanga, kila mti unashuka kwa intaneti unapoukaribia, kisha unahifadhiwa kwenye diski usishuke tena. Ukihamia Linux akiba hiyo inaanza sifuri. Siku ya kwanza kijana alitembelea maeneo matatu, bando la wiki likaisha kabla ya magharibi, naye akadhani Linux inakula data. Tulipunguza umbali wa kuona kutoka mita 128 hadi 64, tukaongeza ukubwa wa akiba, na wiki ya pili ikatulia. Umbali wa seva nao hautibiki. Ziko Marekani, na mwanga ndani ya kebo ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu unapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hata kebo ingenyooka kama rula. Na Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, wa Windows na wa Linux wote tulikaa tukitazama avata zilizoganda.

Kinachonisumbua zaidi ni fundi. Laptopu ikileta shida Dar, mtu anajua pa kwenda. Anashuka Kariakoo, anapanda ngazi za jengo fulani, fundi "anampigia Windows" mpya akisubiri, anaondoka na programu zote alizozoea. Mtandao huo wa mafundi ni mali kubwa ya mji huu, na Linux inakutoa humo. Mafundi wawili niliowaonyesha laptopu ya kijana walitoa ushauri uleule: tufute, tupige Windows. Si uvivu, ndicho wanachokijua na ndicho wanacholipwa. Kwa hiyo anayehama anahitaji mtu mmoja wa karibu anayeifahamu Linux, awe mjomba, mwanafunzi mwenzake au jirani. Kama hana hata mmoja, naona ni haki akae Windows kwanza.

Ila akae kihalali. Windows nyingi zinazopigwa mitaani zimevunjwa leseni, na zana ya kuvunjia imetoka usikokujua, ikapewa ruhusa zote za mashine. Humo ndimo mtu anamoandika nywila ya akaunti yenye Linden dola zinazobadilishika kuwa fedha halisi. Mwenye Windows 10 halali ana njia ya kati: kujisajili na masasisho ya nyongeza ya Microsoft, yanayofika hadi Oktoba 13, 2026. Ni muda wa kupumua, na kwa mtu aliye katikati ya mitihani ningemshauri hivyo.

Kwa mpwa wangu niliamua tugawe diski. AutoCAD, programu ya michoro ya majengo, haina toleo la Linux, na chuoni hawatampokelea kazi kwa sababu ameipenda Mint. Windows imebaki na GB 100, halali, kwa ajili ya michoro ya darasani. Tulizima uwashaji wa haraka wa Windows (Fast Startup), kwa sababu ukiuacha Windows huacha diski nusu usingizini na Linux inakataa kuiandikia. Upande wa pili kuna Mint, Firestorm, Blender na GIMP ya kuhariria picha. Mlango wa kuchonga ameumalizia huko, na sasa yuko kwenye boriti za dari. Sauti bado inakatika siku nyingine, na akiwa na kikao cha wajenzi wenzake huwa anawaandikia badala ya kuongea.