Mashine iliyofundishwa Boston, mgonjwa aliyetoka Ukerewe

Wanaotaka kompyuta isaidie ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wana hoja moja nzito: haichoki. Sepsisi, yaani maambukizi yanapouvuruga mwili mzima, huanza kwa dalili ndogondogo: mapigo yamepanda kidogo, pumzi zimeongezeka, mkojo umepungua. Programu iliyojifunza kwa kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa inaweza kuziunganisha kabla muuguzi wa usiku hajarudi kwenye kitanda hicho. Utafiti wa Johns Hopkins, Marekani, uliotoka 2022, ulionyesha vifo vikipungua kwa takribani asilimia 19 pale tahadhari ilipothibitishwa na mtoa huduma ndani ya saa tatu. Tuishike hiyo "pale ilipothibitishwa".

Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Michigan waliipima programu ya sepsisi ya Epic, kampuni ya Marekani ya mifumo ya kumbukumbu za hospitali, iliyokuwa imeshasambaa hospitali nyingi. Iliwakosa theluthi mbili ya wagonjwa wa sepsisi, huku ikiwapigia kengele karibu mmoja kati ya kila watano waliolazwa.

Sasa ilete Bugando, hospitali ya Mwanza, Tanzania, inakokimbilia rufaa za Kanda ya Ziwa. Homa, mapigo ya kasi na upungufu wa damu hapa vinaweza kuwa malaria kali, au selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), ambayo ukanda huu unayo kwa wingi. MIMIC, hazina ya data wanayoitegemea sana watafiti wa programu hizi, imetoka hospitali moja ya Boston. Huko malaria ni ugonjwa wa wasafiri.

Vifaa navyo vina yao. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta oksimita, ile inayobanwa kidoleni, ikishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Programu ikilishwa namba hiyo, itamtuliza daktari bila kusita.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema tusubiri wenzetu wamalize kwanza. Palipo na wauguzi wachache ndipo jicho la ziada linapohitajika. Ningeanza na kazi isiyo na mvuto: vipimo vitoke kwenye karatasi viingie kwenye kompyuta, kisha programu iendeshwe kimyakimya kwa miezi, bila kumpigia mtu kengele, na utabiri wake ulinganishwe na yaliyowapata wagonjwa. Nani anamiliki data? Hilo liandikwe mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Lakini kama tahadhari italia saa nane usiku wakati ndugu bado wanazunguka mjini kutafuta antibayotiki, fedha za programu ningezipeleka kwanza duka la dawa la hospitali.