Fundi akishashuka, mwacheni rubani aanze upya

Bibi aliyekaa pembeni yangu alikuwa akijipepea kwa ile kadi ya maelekezo ya usalama, na kusema kweli sijawahi kuona kadi hiyo ikifanya kazi ya maana kuliko siku ile. Tulikuwa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, saa nane mchana, mlango umefungwa na kiyoyozi kimekata. Mhudumu alitangaza "hitilafu ndogo ya kiufundi", kisha kimya. Dakika arobaini. Baba mmoja wa siti za mbele akainuka: "Dada, tuambieni basi, tunaondoka au hatuondoki? Sisi si magunia ya mihogo!"

Bibi akanigeukia. "Mwanangu, hili likizimwa litawaka tena?"

Nilicheka, na sikupaswa kucheka. Kapteni alipotoka mwenyewe kutueleza, ilionekana bibi alikuwa karibu na jibu kuliko sote. Kilichokufa ni APU, injini ndogo iliyofichwa mkiani. Ndege ikiwa imeegeshwa, hiyo ndiyo huipa umeme, hewa ya kiyoyozi, na ile hewa ya nguvu inayozungusha injini kubwa mpaka ziwake. Isipofanya kazi, lazima lije gari la hewa ya kuwashia. Likishaamsha injini moja, hiyo nayo huipa nyingine hewa. Na gari lenyewe lilikuwa likihudumia ndege nyingine, tukalisubiri.

"Kwa hiyo mnaturusha na ndege mbovu?" akauliza yule baba.

Si swali la kipuuzi. Kila ndege kubwa ya abiria ina orodha ambayo marubani huiita MEL, inayosema kifaa gani kikiharibika ndege bado inaruhusiwa kuruka, kwa masharti gani, na kwa muda gani. Vifaa vya kundi B hupewa siku 3 viwe vimetengenezwa, vya kundi C siku 10, vya kundi D siku 120. Basi huenda ndege uliyopanda mwezi uliopita ilikuwa na kitu kisichofanya kazi, na hapakuwa na ubaya wowote. Huwezi kufananisha na basi la mkoani ambalo utingo amelifunga waya chini, anapangusa mikono, anasema "litafika tu". Huku kuna maandishi, kuna sahihi ya fundi, na rubani ana haki ya kukataa hata kama orodha inaruhusu.

Kwa hiyo hitilafu yenyewe hainitishi sana. Kinachonitisha ni dakika zile fundi akishashuka, joto limepanda, ratiba imevurugika, na kila mtu ndani anataka jambo moja tu: twende.

Tarehe 20 Agosti 2008, ndege ya Spanair aina ya MD-82 ilikuwa Madrid, inaelekea Gran Canaria. Ilishafika kwenye njia ya kurukia marubani walipoona kihita cha kipima joto cha nje kinachemka, wakati ndege ikiwa ardhini hakitakiwi kufanya kazi kabisa. Wakarudi. Mpaka hapo wamefanya sawasawa. Fundi akafungua orodha, akaona kihita kinaweza kuachwa bila kutumika, akakikatia umeme. Hakuna aliyeuliza kwa nini kilikuwa kinawaka chini. Walipotoka mara ya pili, vibawa vya kusaidia kuruka havikushushwa, na kukagua kama vimeshuka kukapita bila mtu kuangalia kweli. King'ora cha kuwaonya marubani nacho hakikulia. Ndege ikanyanyuka kidogo ikaanguka. Kati ya watu 172, walikufa 154.

Ndani ya ndege ile kuna relei moja, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayohusika na kihita kile na pia king'ora kile. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kwamba ndiyo iliyokuwa mbovu. Lakini mimi kila nikiisoma habari hii nasimama palepale: walizima dalili. Ni kama kumpa mtoto dawa ya homa bila kumpima malaria.

Ajali ya Ugiriki, tarehe 14 Agosti 2005, chanzo kilikuwa swichi tu. Mafundi wa Helios, kampuni ya ndege ya Cyprus, walipima mgandamizo wa hewa ya ndani ndege ikiwa chini, swichi ya hewa hiyo ikabaki upande wa mkono badala ya kujiendesha, na marubani hawakuiona kwenye ukaguzi wao. Ndege ilipopanda juu hewa ikapungua ndani, watu wakazimia, ikaanguka. Watu 121 walikufa.

Ndiyo maana nasema, ndege ikishaguswa na fundi, marubani waanze orodha zao za ukaguzi kuanzia mstari wa kwanza, kana kwamba ndiyo kwanza wamepanda. Na kampuni ziache kutufunika na hiyo "hitilafu ndogo ya kiufundi". Marekani sheria inataka abiria wapewe nafasi ya kushuka baada ya saa 3 kwa safari za ndani na saa 4 kwa za kimataifa. Sawa, lakini mimi ningeridhika na sentensi mbili za ukweli kila robo saa. Kapteni wetu alipotaja lile gari, kelele ziliisha. Hata yule baba alikaa, akaomba maji.

Injini zikawaka. Tukasogea, tukasimama tena kabla ya njia ya kurukia, tukakaa hapo muda uliotosha watu kuanza kuguna. Nami niliguna, nakiri. Leo naamini walikuwa wakisoma orodha yao upya.

Siku hizi nachagua siti ya dirishani karibu na bawa, natazama vile vibawa vikishuka, nahesabu. Mke wangu huniuliza visiposhuka nitafanya nini. Nimemwambia nitamwita mhudumu. Anasema nitakuwa yule baba wa siti za mbele.