Moshi Chini ya Blanketi

Shemeji yangu hajui kitu kuwa cha zamani kidogo. Kwake kitu ni kipya, au ni cha enzi za mitume. Kwa hiyo siku alipolichomoa lile blanketi la viraka kwenye belo la mashuka pale Memorial, soko la mitumba la Moshi mjini, hakusema ni la zamani. Alisema ni la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Na kabla hajaniletea nilione, alikuwa ameshampigia simu mama mmoja wa Kizungu aliyempandisha mlimani, ameshamtajia dola mia sita, na wameshapatana akutane naye kibandani kwangu Majengo saa nane mchana.

"Shem, nipe karatasi tu," akaniambia. "Andika 1863, gonga muhuri, tukale nyama."

Muhuri wangu umeandikwa Fundi Cherehani. Sijui ungemshawishi nani kuhusu mambo ya Lincoln, ila shemeji ana imani kubwa na wino wa zambarau.

Alinijia mimi kwa sababu niliwahi kushona na mama wa Kimarekani aliyekuwa akifundisha kikundi cha kina mama kutengeneza kwilti, yaani mablanketi ya viraka yenye ujazo katikati. Mama yule aliniachia ugonjwa: sioni blanketi bila kuligeuza nyuma. Nikaligeuza.

Lilikuwa zuri, sikatai. Lilijaa maua ya viraka vya pembe sita, katikati njano, kuzunguka kwake rangi za peremende, waridi na kijani kilichopauka, na hapa na pale ua jekundu. Wamarekani huuita mtindo huo Grandmother's Flower Garden. Viraka vya pembe sita vilikuwapo tayari karne ya 19, lakini bustani hii yenye rangi hizi ilishika kasi miaka ya 1920 na 1930. Enzi hizo hali ilikuwa ngumu, na viwanda vilikuwa vikiuza chakula cha kuku katika magunia ya kitambaa cha maua ili kina mama wayashone. Nikamwonyesha shemeji kiraka kimoja chenye mstari wa vitundu, vikubwa kuliko vya sindano ya nyumbani, vimekaa sawasawa. Pale ndipo mshono wa gunia ulipofumuliwa.

"Gunia?" akasema, sura imemshuka. "Usimwambie kuhusu gunia."

Kumbe gunia ndiyo ilikuwa habari njema. Shida ilikuwa tumboni. Pamba ya kale hulala ikawa nyembamba, hili lilikuwa limetuna. Nikabonyeza kwa kidole, likarudi juu lenyewe. Ujazo wa poliesta ulianza kuzoeleka kwenye mablanketi haya miaka ya 1960. Halafu 1976 Marekani walipoadhimisha miaka 200 ya uhuru, kwilti zikarudi kwa kishindo, na watu wengi wakayafungua masanduku ya bibi zao, wakatoa sehemu za juu zilizoachwa bila kumaliziwa, wakazijaza na kuzishona. Bibi kashona juu, mjukuu kajaza tumbo. Na umri wa blanketi huhesabiwa kwa kitu chake kichanga kuliko vyote. Lingekuwa la kiwandani huenda lingekuwa na lebo ya kuniongoza, kama nguo za Marekani, ambazo tangu 1972 sharti ziwe na lebo ya kudumu ya maelekezo ya kufua. La kushonwa nyumbani halina lebo, lazima ulihoji.

Shemeji akatoa simu. Alikuwa amesoma. "Na hii nyekundu? Hii ni Turkey red, shem, ya mizizi ya mmea. Ni ya zamani kuliko wewe na ukoo wako."

Basi tukapima. Nikachomoa nyuzi kadhaa na kifundo cha ujazo, nikavishikia kibiriti juu ya kisosi. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Hii ilisinyaa, ikatoa moshi mweusi, ikadondosha punje nyeusi ngumu. Shemeji akasema nimechanganya na mabaki ya meza yangu, turudie mbele ya macho yake.

Nikaazima kwa dada wa kutoa na kuweka pesa kile kitochi chake cha kukagulia noti. Uzi wenye dawa za kung'arisha za kisasa, zile zilizoenea baada ya vita ya pili ya dunia, huwaka buluu chini ya mwanga ule. Lakini panahitajika giza, na kibanda changu ni cha mabati yenye matundu ya misumari kila mahali. Saa sita na nusu mchana utapata wapi giza?

"Tuingie chini yake," akasema shemeji.

Tukaingia. Watu wazima wawili sakafuni, blanketi gubigubi, mimi suruali nimeikunja magotini kwa joto, yeye amekumbatia kisosi chenye kifundo kinachofuka ili nisije nikabadilisha ushahidi. Na kweli, uzi wa mshono ukawaka. Ingekuwa ni sabuni ya kufulia tu, blanketi zima lingewaka. Uliwaka uzi peke yake.

"Vuta mwingine," nikamwambia. "Vuta taratibu, usiumalize."

"Ngoja kwanza, huu umenikolea."

Hapo ndipo alipoingia mama mkwe, katoka Marangu na mkungu wa ndizi kichwani. Akaona miguu minne, moshi unapenya kwenye viraka, na sauti ya mwanawe wa kumzaa ikiomba kidogo tena.

"Yesu wangu! Bangi! Na mkwe wangu!"

Mangi anayeosha pikipiki mlango wa pili hakusikia bangi. Aliona moshi. Akaja na mpira wa ile mashine yake ya presha na kutupiga maji bila kuuliza jina la mtu.

Tulipofunuka, shati jeupe la shemeji lilikuwa na maua ya waridi kifuani. Turkey red halisi ilisifika kwa kuvumilia kufuliwa. Hii ilikimbia kwa maji baridi ya kuoshea pikipiki.

Mama mkwe hakutaka maelezo, alitaka mwenyekiti wa mtaa. Mimi nakunjua suruali huku naomba radhi, na mkwe haombi radhi akiwa na magoti wazi, hilo kila mtu Uchagani analijua. Mwenyekiti akaja na daftari. Nikamkabidhi ile punje ya poliesta. Akainusa, akampa mama mkwe, naye akainusa mara mbili, akasema inanuka ndoo iliyoungua. Katikati ya kesi mteja wetu akatokea. Akatazama blanketi, akatazama shati, akaomba kupiga picha shati. Dola hakuzitaja tena.

Mwenyekiti hakufunga daftari. Alivua koti lake, lile analovaa jua na mvua. "Kama kweli unajua umri wa vitu, hili alilipata babu yangu kwa Mjerumani. Ni la lini?"

Wajerumani waliondoka Moshi 1916. Nikaligeuza koti. Ndani ya bitana, chini ya kwapa, kulikuwa na lebo nyeupe: nailoni, fua kwa mashine, na kipicha cha pasi kilichopigwa msalaba. Shemeji alishaiona na alikuwa ananikazia macho. Kalamu ya mwenyekiti ilikuwa juu ya jina langu.

"Mwenyekiti," nikasema, "hili koti Mjerumani mwenyewe angelililia."

Akafunga daftari.