Takataka haina kabila

Bandugu, nimesoma hii habari ya mitaro ya komini ya Kenya, hapa mu muji wetu wa Lubumbashi, yenye kujaa maplastiki mpaka maji inaingia mu manyumba, na kintu cha kwanza batu banasema eti ni Bakasai, batu wenye asili ya Kasai, njo banachafua muji. Kweli? Miye nilizaliwa hapa Lubumbashi, na nimeona papa wa kravati, mwana wa hapa hapa, anafungula kioo ya motokari anatupa chupa mu mutaro bila haya.

Tena tusijifanye tumesahau. Bankambo ya hao Bakasai wengi baliletwa na Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa wakoloni, kufanya kazi, habakuruka ukuta. Lakini 1992 na 1993 tukabaita bilulu, ndiyo, wadudu, tukabafukuza, batu bakalala mu gare ya Likasi na batoto bakingoja treni, bengine bakafia pale pale. Ilianzaka na maneno ya mchezo tu, kama haya.

Ku avenue yetu Jumamosi iliyopita tulitoka salongo, kazi ya usafi ya pamoja, batu bane na bruweti (toroli) moja, mumoja ni mama wa Mbuji-Mayi, kule Kasai. Wenye maneno mingi balikuwa mu nganda (baa).