Siyo kila mtu mzima anatafuta cheti

Mwandishi, umeyaeleza vizuri madarasa ya jioni ya watu wazima hapa Dar, ila karibu yote uliyoyataja ni ya kurudia mitihani au ujasiriamali. Sisi tunaotaka kujua tu, je? Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, hakuwa na maana ya a-e-i-o-u peke yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kwenye redio: wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kwenda kuchimba vyoo. Mtihani ulikuwa choo chenyewe!

Leo mihadhara ya wazi ipo, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, lakini mingi huwa mchana siku za kazi. Fundi cherehani wa Mbagala aache nguo za wateja apande daladala mbili? Makumbusho ya Taifa wangefungua ukumbi Jumamosi jioni, mtaalamu atueleze habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959, nasi tuulize maswali yetu ya kishamba bila kuchekwa. Nauli tutajilipia.