Nani Alilipia Utafiti Huu?

Hivi karibuni nilihudhuria mhadhara wa wazi hapa Innsbruck, Austria, kuhusu kupungua kwa barafu za milima ya Alpi, mhadhara wa bure ambao mtu yeyote anaweza kuingia na koti lake lililolowa na kukaa anapotaka. Kabla ya kuonyesha picha hata moja ya barafu, mhadhiri aliweka ukutani ukurasa uliotaja waliogharimia kazi yake, na miongoni mwao ilikuwamo kampuni inayoendesha magari ya nyaya yanayowapandisha watalii milimani. Bibi mmoja, wa umri kama wa mama yangu, alinyoosha mkono na kuuliza, bila kuomba radhi wala kuanza na itifaki imezingatiwa, kama kampuni ile ilipewa nafasi ya kuisoma ripoti kabla haijachapishwa. Mhadhiri alikiri kwamba ilipewa, akaeleza maoni yake yapi aliyakubali na yapi aliyakataa, na kwa sababu gani. Bibi akaandika kitu kwenye daftari na mhadhara ukaendelea. Hakuna aliyeguna, na hakuna aliyemuuliza yeye katumwa na nani.

Niliifurahia jioni ile mpaka nilipofika nyumbani na kufungua simu, nikakuta kundi letu la watu wa Moshi limewaka moto. Mmoja alikuwa ametuma picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kikiwa cheupe baada ya mvua, na chini yake ameandika kwamba wazungu walituambia theluji itakwisha ifikapo mwaka 2020 kwa sababu walilipwa kutuambia hivyo. Mwingine akamjibu kwamba wanaobisha ndio waliolipwa, tena na kampuni za mafuta. Wa tatu akaweka kibwagizo cha mabeberu, na baada ya hapo kila aliyeandika alitaja mlipaji na hakuna aliyeitaja barafu. Hilo ndilo linalonikera, na ndilo jambo pekee ninalotaka kulisema hapa: swali la nani amelipa ni swali halali, lakini huku nilipo huulizwa ili mjadala uanze, ilhali kwetu huulizwa ili mjadala ufe.

Tuanze na hiyo picha. Weupe unaoonekana baada ya mvua ni theluji mpya, ambayo huja na kuondoka, na kila aliyekulia Kibosho au Marangu ameiona ikifanya hivyo tangu utotoni. Kinachobishaniwa ni barafu ya kale, ile iliyojengeka kwa maelfu ya miaka na ambayo mwaka 1912 ilifunika takribani kilomita za mraba 12. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alipanda na wenzake wakatoboa barafu hiyo na kutoa nguzo sita, na katika makala yao ya mwaka 2002 walisema kwamba sehemu ya chini kabisa ina umri wa miaka ipatayo 11,700, kwamba asilimia kama 80 ya eneo la barafu imepotea tangu 1912, na kwamba hali ikiendelea hivyo iliyobaki itatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 umepita na barafu bado ipo, ingawa imebaki kidogo sana. Vipimo vya mwaka 2011 vilikwisha kuonyesha kwamba haifiki hata kilomita za mraba mbili. Ndugu yangu aliyetuma picha ana haki ya kuhoji tarehe ile, kwa kuwa ilikosewa.

Waliomhoji Thompson kwa nguvu zaidi, hata hivyo, hawakuwa watu wa mafuta. Walikuwa wanasayansi wa hapa hapa Innsbruck, Georg Kaser na Thomas Mölg, pamoja na Mmarekani Douglas Hardy aliyefunga mitambo ya kupima hali ya hewa juu kabisa ya Kibo. Hoja yao ilikuwa kwamba kileleni wastani wa joto la mwaka uko kama nyuzi saba chini ya sifuri, kwamba sehemu kubwa ya barafu ya kule inageuka mvuke moja kwa moja bila kwanza kuwa maji, na kwamba kilichoidhoofisha ni ukavu ulioanza kuikumba Afrika Mashariki karibu na mwaka 1880, kabla moshi wa viwanda haujawa na nguvu ya kutosha kulaumiwa. Thompson hakukaa kimya. Mwaka 2009 alirudi na vipimo vipya akasema kwamba barafu inapungua unene kutoka juu, si kingo tu zinazorudi nyuma, na kwamba tabaka la juu lina dalili za kuyeyuka ambazo hakuziona kwenye tabaka za chini. Upande wa Innsbruck nao ulikuwa umeeleza kwamba ukavu wenyewe unahusiana na mienendo ya Bahari ya Hindi, na bahari hiyo haijitengi na joto la dunia.

Sasa niwaulize mabingwa wa kutafuta mlipaji: hapa mhongwaji ni nani? Thompson aligharimiwa na mfuko wa sayansi wa taifa la Marekani, na watu wa Innsbruck waligharimiwa na mfuko wa sayansi wa Austria. Pande zote mbili zilikula fedha za walipa kodi, na zikatofautiana hadharani kwa miaka kuhusu mlima mmoja. Tena wapinzani wa hoja ya mabadiliko ya tabianchi walipoichukua kazi ya Kaser na kuitembeza kama ushahidi kwamba dunia haipati joto, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti ya mwaka 2007 ya IPCC, lile jopo la kiserikali linalokusanya ushahidi wa tabianchi, na aliandika wazi kwamba Kilimanjaro si mfano mzuri wa kuonyesha ongezeko la joto ilhali barafu za sehemu nyingi nyingine duniani ni mfano mzuri kabisa. Mwaka huo huo jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya London, katika kesi kuhusu filamu ya tabianchi ya Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, kuonyeshwa shuleni, aliliweka suala la Kilimanjaro kati ya mambo tisa ambayo filamu hiyo iliyapita ushahidi, huku akikubali kwamba hoja yake kuu ina msingi wa kisayansi. Hicho ndicho kiwango cha mjadala ambacho mlima wetu umepewa na wageni, wakati sisi tuliozaliwa miguuni pake tunautumia kutukaniana kwenye simu.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kwamba nimekaa Ulaya nikasahau nilikotoka, kwamba mtoto wa Mchaga amepata koti zito na sasa anatufundisha mlima wetu. Nitaambiwa pia kwamba wazungu nao wanahongana. Hilo la pili nalikubali bila kusukumwa, na ningeshangaa kama msingelitaja. Willie Soon, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha elimu ya anga cha Harvard na Smithsonian, alikuwa akiandika kwamba jua ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya ongezeko la joto. Mwaka 2015 nyaraka zilionyesha kwamba kazi zake zilipokea zaidi ya dola milioni 1.2 kutoka kwa wenye maslahi ya mafuta na makaa ya mawe, na kwamba hilo halikutajwa katika makala zake zisizopungua 11. Mwenyewe alikana kwamba fedha zilimwongoza. Lakini angalieni jinsi hoja yake ilivyojibiwa: setilaiti zimepima nguvu ya jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu hiyo haikupanda wakati joto la dunia lilikuwa likipanda. Kufichuka kwa fedha kuliwafanya watu waangalie kwa makini zaidi, ila jibu lilitoka kwenye vipimo, na lingebaki hivyo hata kama Soon angekuwa amejilipia mwenyewe hadi senti ya mwisho.

Kuna mfano mwingine ambao kwa kanuni ya kijiwe chetu hauwezekani kabisa. Wanasayansi wa kampuni ya Exxon, wakilipwa na mafuta na kufanya kazi kwa ajili ya mafuta, walikadiria tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 jinsi dunia itakavyopata joto, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba makadirio yao mengi yalikuja kuwa sahihi, ya kulingana na yale ya vyuo vikuu. Kampuni ilikuwa na ukweli mkononi huku ikiuambia umma kwamba mambo hayajulikani. Tungefuata kanuni ya "wamelipwa hao", tungezitupa takwimu zilizokuwa sahihi. Richard Muller wa Berkeley naye alikuwa na mashaka na vipimo vya joto la dunia, akaanzisha mradi wa kuvipima upya, na kati ya waliomchangia kulikuwa na taasisi ya Charles Koch, tajiri wa mafuta. Mwaka 2012 alitangaza kwamba joto limepanda kweli na kwamba karibu lote linatokana na binadamu. Sisemi kwamba kila anayelipwa na mafuta husema kweli, kwa sababu wengi hawakusema. Ninasema kwamba jina la mlipaji linakuelekeza mahali pa kuchungulia, na baada ya hapo ni lazima uchungulie.

Kwetu hatuchungulii, na sababu yake si ujinga, kwa hiyo msinibebeshe tusi ambalo sikulitoa. Tuna watu. Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa kikundi cha IPCC kinachoshughulikia athari za mabadiliko ya tabianchi, na jina lake likitajwa huku mimi hujinyoosha kwenye kiti kama vile ni mjomba wangu. Lakini fedha si zetu. Ripoti ya IPCC ya mwaka 2022 inaonyesha kwamba kati ya mwaka 1990 na 2019 utafiti wa tabianchi uliohusu Afrika ulipata asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti huo duniani, na kwamba katika kiasi hicho kidogo asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Amerika Kaskazini, huku taasisi za Afrika zikipata asilimia 14.5. Serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na ahadi hiyo mnajua imeishia wapi. Kwa hiyo mtafiti wetu anaandika andiko la mradi kwa lugha ya mfadhili: mwaka ambao mfadhili anapenda ustahimilivu, kila andiko lina ustahimilivu, na mwaka unaofuata mambo ni jinsia na tabianchi. Hakuna anayemdanganya mtu. Maswali yetu ndiyo yanachaguliwa mbali, na sisi tunapewa kazi ya kugawa madodoso na kusaini karatasi ya posho.

Hasara yake inaonekana mlimani penyewe. Kila mkutano wa kijiji niliowahi kukaa ulikubaliana kwamba theluji ikiisha, mifongo, ile mifereji yetu ya maji, itakauka. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba barafu inachangia maji kidogo sana, na kwamba hasara kubwa zaidi ni misitu ya juu iliyoungua, kwa sababu miti ile hukamata ukungu na kuugeuza maji. Mnaukumbuka moto wa Oktoba 2020. Kama Hemp yuko sahihi, basi mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, chini ya mlima anapaswa kuogopa kiberiti kuliko jua, na hilo ni jambo ambalo diwani anaweza kulifanyia kazi kesho asubuhi bila kusubiri mkutano wa dunia. Kundi letu halijawahi kulifikia, kwa kuwa kila mara tunaishia kwa mabeberu.

Hata bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, tumelijadili kwa mtindo huo huo. Anayelihoji amelipwa na mashirika ya Ulaya, anayelitetea amelipwa na TotalEnergies, na ripoti ya tathmini ya athari za mazingira imelala kwenye makabati. Tathmini hiyo kisheria hugharimiwa na mwenye mradi, kama ilivyo hata huku Ulaya. Hapo ndipo pa kuuliza kama yule bibi alivyouliza, ni ukurasa gani mwenye mradi aliugusa, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, walipoupitia waliona nini. Sijamwona mtu akiuliza swali hilo kwa ukurasa. Mtaniambia kwamba huko nyumbani anayeuliza hivyo hujitafutia matatizo, na sibishi. Marekebisho ya sheria ya takwimu ya mwaka 2018, yaliyofanya kupinga takwimu rasmi kuwa kosa, kabla hayajalegezwa mwaka uliofuata, sote tunayakumbuka. Lakini kwenye kundi la ndugu na marafiki hakuna polisi, na hata humo hatuulizi.

Imebaki hoja ambayo najua mmoja wenu ameishaanza kuiandika: na wewe je, nani anakulipa? Ni swali zuri na nalijibu. Mshahara wangu unatoka hospitali, ambako nasafisha na kupanga vyombo vya maabara, na hakuna kampuni ya mafuta wala shirika la mazingira lililowahi kunipa hata soda. Mdogo wangu anaongoza wageni mlimani, kwa hiyo sehemu ya ada za shule za ukoo wetu inatokana na watalii wanaokuja kuiona barafu hiyo kabla haijaisha, na habari kwamba inaisha haijawahi kumpunguzia wateja. Nyumba ninayokaa hupashwa joto kwa gesi. Yapimeni hayo yote, mnipunguzie uzito kadiri mtakavyoona inafaa, kisha mwenye hoja kuhusu ule ukavu wa mwaka 1880 aiandike.