Sakafu bapa kwenye boti ndogo: raha ya mguu, upofu wa ngama

Tangu injini za kupachika nyuma na boti za faiba zilipoenea pwani yetu, wenye vyombo wamekuwa wakiwaagiza mafundi kazi moja kuliko zamani: nitandikie sakafu. Mashua ya jadi ilikuwa wazi mpaka chini. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ulionekana, mataruma, yaani mbavu zake, yalionekana, kopo la kufulia maji lilikaa palepale ngamani, chini kabisa maji yanapojikusanya, na baharia alijua akanyage wapi. Siku hizi anayepanda ni mtalii anayekwenda kutazama pomboo Kizimkazi, au mama wa mwani na magunia yake, au mvuvi mwenye deli la barafu ambalo halitulii juu ya mataruma. Wote hao wanataka mahali palipo sawa pa kuweka mguu.

Naunga mkono sakafu, na nasema hivyo mapema ili msomaji ajue nilipo. Ninachokipinga ni sakafu inayopigiliwa misumari kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), ikapakwa rangi, na tangu siku hiyo pasiwe na mtu anayejua kilicho chini yake.

Wanaoitaka wana hoja nzito. Kwenye chombo cha wazi mtu husimama juu ya mbao zilizopinda, nyayo zimeinama, moja juu nyingine chini. Wimbi likija ghafla hushika chochote kilicho karibu, hata kama ni shati la mwenzake. Mvuvi anayevuta nyavu akiwa amesimama sawa hutumia miguu. Aliyesimama kwenye mpindo humalizia nguvu zake kiunoni, na wengi wanayajua maumivu hayo kabla hata hawajazeeka. Halafu kuna samaki wenyewe. Samaki aliyelala kwenye maji ya ngama, yenye oili, petroli na damu ya jana, hafiki mnadani na bei ile ile ya aliyekaa pakavu. Sakafu inayoinua shehena juu ya maji hayo inajilipa.

Mafundi wakongwe wanaoikataa nao hawasemi kwa ukaidi. Kila chombo cha mbao huvuja kidogo, na kalafati, yaani pamba ya kuzibia, ikilegea kati ya mbao mbili, dalili ya kwanza huonekana ngamani. Nahodha wa chombo cha wazi hutupa jicho chini mara kwa mara bila hata kukusudia, akaona maji yamepanda vidole viwili tangu watoke bandarini. Akishatandikiwa sakafu, hana tena pa kutupa jicho. Atakuja kujua pale chombo kinapoanza kuwa kizito kugeuka, na wakati huo kazi ya kufua ni kubwa na kopo halina pa kuingia. Masika nayo yana shauri lake: maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi, na yakituama chini ya sakafu isiyopitisha hewa, mataruma huanza kulainika kwenye maungio yake na mkuku huku juu rangi ikiendelea kung'aa.

Kisha kuna kimo: uzito ukipanda juu, chombo hupinduka kwa urahisi zaidi. Chukua boti ambayo pamoja na injini, mafuta na watu wake ina kilo 700. Humo kuna watu wanne, kila mmoja kilo 70, jumla kilo 280. Sakafu ikiwapandisha kwa sentimita 15, kitovu cha uzito wa chombo kizima hupanda kwa sentimita 6. Kwa boti pana hiyo si hoja kubwa. Kwa boti nyembamba yenye ubavu mfupi, ambayo abiria wake husimama wote kwa pamoja upande mmoja pomboo wanapoibuka, sentimita 6 zinaweza kuamua mambo. Kwa hiyo kila sentimita ya kimo cha sakafu inatakiwa iwe na sababu, na fundi anayesema "tuipandishe kidogo ili iwe pana zaidi" aulizwe atapata nini kwa kupandisha huko.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita. Maji yaliyo huru ndani ya chombo hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, na athari hiyo hukua haraka sana kadiri uso wa maji unavyopanuka: upana ukizidi mara 3, kwa urefu ule ule, athari huwa mara 27. Maji yaliyojikusanya kwenye ngama yenye upana wa sentimita 40 ni mchezo ukilinganisha na maji yanayotembea juu ya sakafu ya sentimita 120. Ndiyo maana sakafu iliyozibwa pembeni zote, isiyo na njia ya kutoa maji, naiona mbaya kuliko zote. Wimbi moja likimwagika ndani, maji hayashuki ngamani wala hayatoki nje. Yanabaki juu, pale yanapodhuru zaidi. Ukitaka yatoke yenyewe baharini kupitia matundu ya ubavuni au ya nyuma, lazima sakafu iwe juu ya usawa wa maji hata chombo kikiwa kimejaa, na kwa boti nyingi ndogo hilo humweka abiria karibu na ukingo. Tunarudi kwenye zile sentimita.

Sakafu ninayoitetea ni ya vipande vinavyonyanyuka kwa mkono. Ugumu wake uko kwenye kupima. Fundi wa nyumba akija na pima maji, au na ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga na kujazwa maji, atapata usawa wa ardhi. Lakini boti iliyokaa mchangani imeegemea ubavu mmoja na pua imeinuka, kwa hiyo usawa wa ardhi si usawa wa boti. Subiri siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, chombo kielee mahali palipotulia, injini na mafuta viwe mahali pake, ndipo uweke alama kwenye mataruma. Au kikiwa nchi kavu, kiegemeze mpaka mstari wa maji uliochorwa nje ulale sawa pande zote, kisha upime. Anayeruka hatua hii hupata sakafu iliyo bapa ufukweni na yenye mteremko baharini.

Mihimili inayokingama ifungwe kwenye mataruma kwa skrubu za stenlesi, kamwe isifungwe kwenye mbao za ubavu, maana kila tundu huko ni mlango wa maji. Kwa plaiwudi ya milimita 12, umbali wa sentimita 30 hadi 40 kati ya mihimili unatosha. Ukizidi, sakafu itanesa. Pale mhimili unapokutana na sehemu ya chini, uachiwe nafasi ili maji yapite mpaka tezi. Plaiwudi ya makabati itaachana tabaka kwa tabaka, hata ukiipaka rangi mara ngapi. Kama ile ya baharini imeshinda mfuko, mbao za kawaida zilizoachiana upenyo wa kidole ni bora zaidi, na mchanga wa miguu hupita humo. Kila kipande kiwe na komeo la kuzungusha. Kipande kisichofungwa huelea chombo kikijaa maji, na watu wakatafuta pa kukanyaga wasipate. Kipande cha juu ya mahali pa kufulia kifunguke bila bisibisi, na bila kuhamisha abiria.

Watetezi wa sakafu iliyozibwa kabisa watasema ndani yake kuna hewa au povu gumu linaloelea, na povu huokoa. Kweli, mita moja ya ujazo ikizamishwa baharini hubeba zaidi ya tani moja. Boti ya faiba iliyochorwa hivyo tangu kiwandani naiheshimu. Lakini kazi ya kuongezea mtaani ina mitego yake. Resini ya poliesta, ile inayogandishia faiba, hula lile povu jeupe la kufungashia vyombo vya umeme, na petroli hulila vilevile. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa chini ya sakafu iliyofungwa, ukisubiri cheche ya betri. Na povu lililofyonza maji halibebi tena mtu. Chombo ndicho hulibeba.

Ukaguzi wa vyombo vidogo uko kwa wasimamizi wa serikali wa usafiri wa majini: TASAC Tanzania Bara, ZMA Zanzibar na KMA Kenya. Ningependa mkaguzi, kabla ya kuhesabu maboya na kusaini, amwombe nahodha afungue kipande cha kati na kile cha nyuma. Kama inabidi aitwe fundi na nyundo, boti hiyo isipewe abiria mpaka sakafu yake itengenezwe upya.